Hii ni fedha kweli? Lete mizani kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote huja na picha ya simu. Sarafu imelazwa kiganjani, au kijiko kimepigwa picha kwa nyuma, na chini yake: "Ndugu, hii ni fedha?" Wanamaanisha metali, si pesa. Mara nyingi picha yenyewe ina ukungu. Jibu langu huwa ni swali pia: ina gramu ngapi? Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu walitarajia niangalie rangi au niwaambie wabandike barafu juu yake kama walivyoona kwenye video.

Rangi haisemi lolote. Nikeli, chuma cha pua, alumini, zinki iliyochovywa, vyote hung'aa weupe ule ule mchana wa jua. Chapa nayo husema, lakini husema kile alichotaka aliyeigonga. Uzito ndio shahidi mgumu kumhonga, na ndiyo maana mimi huanza hapo, hasa kwa sarafu.

Sarafu ni kitu cha sheria. Nchi inapoamua kutengeneza sarafu huandika kabisa itakuwa na uzito gani, kipenyo gani na mchanganyiko gani wa metali, na kiwanda hakiruhusiwi kupotoka ila kidogo sana. Kwa hiyo ukijua nchi, thamani iliyoandikwa na mwaka, tayari unajua mizani ingepaswa kusema nini. Chukua robo dola ya Marekani. Za mwaka 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90 na shaba 10, gramu 6.25. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoondoa fedha kwenye robo na sarafu ya senti kumi; zilizofuata ni shaba iliyofunikwa pande mbili kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, gramu 5.67. Sura ya Washington ni ile ile, ukubwa ni ule ule. Isimamishe kwa ukingo uitazame: ya zamani ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, mpya ina utepe wa shaba katikati. Na hata kama ya zamani imesuguliwa na mifuko ya watu kwa miaka mingi ikashuka hadi gramu 6 hivi, bado haijafika 5.67. Sarafu huchakaa ikapungua, haiongezeki.

Nusu dola ni ya kuangalia zaidi. Ile ya Marekani yenye sura ya Rais Kennedy, ya 1964, ni asilimia 90, gramu 12.5. Za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40 tu, gramu 11.5, na za 1971 za kawaida hazina fedha kabisa, gramu 11.34. Tofauti ya gramu 0.16 haitaonekana kwenye mizani ya jikoni. Kwa kazi hii nunua mizani ile ndogo ya kiganjani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Si ghali, na bila hiyo mengine yote ni kubahatisha.

Kuna mahali ambapo uzito nao hunyamaza, na mwaka ndio unaosema. Nusu krauni ya Uingereza ya 1919 na ya 1920 zote zina gramu 14.14, zote zina kichwa cha Mfalme George V, zote zina ukubwa mmoja. Ya 1919 ina fedha sehemu 925 kwa 1000. Ya 1920 ina 500. Yaani moja ina gramu 13 na kidogo za fedha halisi, nyingine 7 na kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipanda hadi sarafu ikawa na thamani kubwa ikiyeyushwa kuliko ikitumiwa dukani, na hakuna serikali inayovumilia hilo kwa muda mrefu. Kanada nayo ilishuka mwaka huo huo wa 1920, kutoka 925 hadi 800. Australia ilishikilia 925 yake mpaka 1945. Uingereza iliachana na fedha kabisa kwenye sarafu za matumizi mwaka 1947, maana ilikuwa imekopa fedha nyingi Marekani wakati wa vita na deni lilitakiwa kulipwa kwa metali ile ile. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946, ile yenye simba na milima nyuma yake, ina robo tu: sehemu 250 kwa 1000, gramu 7.78 kwa jumla, kwa hiyo fedha halisi haifiki gramu 2. Iliyoanza 1948 haina hata chembe. Wanaoziuza kwa jina la "fedha tupu" wanategemea mnunuzi asijue hesabu hiyo.

Sasa sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Kitu kikinata, mjadala umekwisha. Lakini kisiponata hujathibitisha lolote, kwa sababu shaba, shaba nyeupe (ile ya shaba na nikeli), risasi, bati na alumini navyo havinati. Kuna namna bora ya kutumia sumaku ya neodimiamu, ile yenye nguvu sana: inamisha kipande cha fedha bapa, kama mche wa fedha au bamba, kisha iache sumaku iteleze juu yake. Juu ya fedha itashuka polepole kama kitu kinachozama ndani ya asali, kwa kuwa mwendo wake huamsha mikondo ya umeme ndani ya metali, na mikondo hiyo huipinga. Shaba hufanya hivyo hivyo karibu kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo tena, ni kipimo cha kukataa, si cha kukubali. Barafu nayo ni hivyo hivyo. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote, ndiyo, lakini shaba iko nyuma yake hatua chache tu, na shaba iliyochovywa fedha itaiyeyusha barafu mbele ya macho yako huku ikikucheka.

Kipimo ninachokiamini kwa sarafu ambayo sitaki kuikwaruza ni cha maji. Nitakieleza kwa riyali ya Maria Theresa, kwa sababu ndiyo sarafu kubwa ya fedha inayoghushiwa sana, na kwa sababu ina kituko chake. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki mtawala huyo wa Austria, na tangu hapo imeendelea kutengenezwa ikiwa na mwaka ule ule, Vienna na baadaye pia Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham. Mtu anayekuambia "ina miaka zaidi ya mia mbili, angalia tarehe" hasemi uongo wa makusudi. Ameisoma sarafu tu bila kuijua historia yake. Uzito wake ni gramu 28.07 na usafi wake ni 833, hivyo ndani yake mna gramu 23.4 za fedha.

Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba kabisa, wa kushonea unatosha, kisha ishushe mpaka izame yote bila kugusa chini wala kuta za glasi. Shikilia mkono usitikisike. Mizani haitasoma uzito wa sarafu, maana wewe umeibeba kwa uzi. Itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa kando, na kwa maji gramu moja ni sawa na sentimita moja ya ujazo. Kwa riyali halali itasoma karibu 2.75. Gawanya 28.07 kwa 2.75, unapata 10.2, na hiyo ndiyo hesabu ya mchanganyiko wa fedha 833 na shaba. Fedha safi ni 10.49, shaba 8.96, mchanganyiko wa shaba na nikeli karibu 8.9. Ukipata 8 na kitu, iweke kando. Tazama vibofu vya hewa vinavyoganda kwenye nywele na manyoya ya nakshi. Kila kimoja kinasukuma maji kisichostahili na kuishusha hesabu yako. Tone la sabuni kwenye maji huviondoa.

Anayeghushi kwa shaba nyeupe akihifadhi ukubwa, sarafu yake itatoka na gramu 24 na nusu hivi. Akihifadhi uzito, lazima aifanye nene au pana. Hana njia ya tatu, isipokuwa risasi. Risasi ni nzito kuliko fedha, 11.34, bati ni jepesi, na mwerevu anaweza kuvichanganya mpaka maji yadanganyike. Ila risasi ni laini na ni bubu. Iweke sarafu juu ya ncha ya kidole, igonge taratibu kwa nyingine: fedha hulia kwa sauti ndefu ya juu, risasi hutoa kishindo kifupi cha kitu kilichoanguka kwenye zulia. Na kwa riyali hii, angalia ukingo: ya halali ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Mafundi wavivu huliacha hilo.

Watu huniuliza kuhusu mashine ya eksirei ambayo masonara na wanunuzi wakubwa wanayo, ile inayoelekezwa kwenye kitu na kutoa asilimia kwenye kioo. Ni nzuri sana na huiheshimu, lakini inasoma ngozi tu, kina kidogo mno kuliko unene wa unywele. Kitu kilichochovywa fedha nene kitapita kama fedha. Jambo wasilolitaja wauzaji wake ni kwamba hata sarafu halali huipotosha. Viwanda vilipotengeneza sarafu zenye fedha kidogo viliziosha kwa asidi ili shaba ya juu iondoke na sarafu ionekane nyeupe. Kilichobaki usoni ni fedha nyingi kuliko iliyomo ndani. Sarafu ya 500 inaweza kusomwa juu ya kiwango chake kwa sababu hiyo, na ikichakaa ngozi ile ikatoka, unaona uso umegeuka kuwa wa manjano. Mashine na kitabu vikipingana kuhusu sarafu inayojulikana, mimi nafuata kitabu.

Tuje kwenye vijiko, sinia, bangili na vinara. Huku hakuna sheria moja ya uzito, kwa hiyo chapa inabidi isomwe, na kusoma chapa ni kuuliza nani aliigonga. Uingereza aliyeigonga si mtengenezaji peke yake, bali ofisi ya upimaji ambayo imekwangua kipande na kukipima. Geuza kijiko cha zamani cha Kiingereza, kipe mwanga wa pembeni, weka lenzi ya sonara jichoni. Utaona mstari wa vimuhuri, kila kimoja ndani ya ngao yake: simba anayetembea akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele, hiyo ndiyo 925; kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ngome ni Edinburgh, taji ilikuwa Sheffield mpaka 1975 ilipobadilishwa kuwa waridi. Herufi moja ni mwaka, na umbo la ngao yake pamoja na mtindo wa mwandiko hubadilika kila mzunguko wa alfabeti unapoisha, kwa hiyo herufi ile ile si mwaka ule ule. Herufi mbili au tatu ni za mtengenezaji. Ukikuta pia kichwa cha mfalme au malkia kikitazama upande, kodi ililipwa, na kijiko ni cha kati ya 1784 na 1890.

Ufaransa hugonga kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, tangu 1838, chenye namba 1 kwa 950 na namba 2 kwa 800. Ujerumani tangu 1888 ni mwezi mwandamo na taji, pamoja na tarakimu, mara nyingi 800 au 835. Urusi ya zamani ilihesabu kwa zolotniki, ambapo 96 ni fedha safi. 84 ukiigawanya kwa 96 unapata 875. Marekani haikuwa na ofisi za namna hiyo: neno STERLING ni 925, COIN ni takriban 900, na dhamana yake ni jina la mtengenezaji pamoja na sheria ya 1906 inayoadhibu udanganyifu wa chapa.

Halafu kuna chapa zilizotungwa ili zifanane na hizo. EPNS ni shaba, nikeli na zinki iliyochovywa fedha kwa umeme, teknolojia iliyoenea baada ya hati miliki ya uvumbuzi ya Elkington ya 1840 kule Birmingham. Baadhi ya watengenezaji waliziweka herufi hizo nne kila moja kwenye ngao yake, kwa mwandiko wa kale, ili macho yasiyo na lenzi yaone mihuri ya kifalme. Alpaca, German silver, nickel silver na Neusilber hazina fedha hata kidogo licha ya majina yao, na "Tibetan silver" ya siku hizi kwa kawaida ni hivyo hivyo. Namba inayowatesa watu zaidi ni 90 kwenye vijiko na uma vya Kijerumani. Wanaiona wanafikiri asilimia 90. Maana yake ni kwamba gramu 90 za fedha zilitumika kuchovya dazeni moja ya vijiko vikubwa na dazeni moja ya uma. Fedha iliyopo kwenye kijiko kimoja ni gramu chache tu, na kuitoa hugharimu kuliko thamani yake. Mia nayo ni hivyo. Tarakimu ya usafi huwa na nafasi tatu: 800, 830, 835, 875, 925, 950. Ikiwa na mbili, na si ya Kirusi, jiandae kwa habari mbaya.

Na 925 yenyewe? Kwenye kidani cha siku hizi haina mkaguzi nyuma yake katika nchi nyingi. Mtu yeyote anaweza kununua nyundo na chapa. Mimi huangalia panapochakaa: nyuma ya kijiko panapogusa meza, ncha za uma, sehemu za ndani ya pete, pingu za mkufu zinaposuguana. Rangi ya shaba au manjano ikichungulia hapo, chapa imesema uongo. Mkufu una ujanja wake: kifungo kinaweza kuwa 925 kweli na mnyororo kitu kingine, kwa hiyo usipime kifungo ukahukumu vyote. Kwa upande wa pili, usikatae bangili eti kwa kuwa haijawahi kuwa nyeusi. Fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa hewani, lakini mapambo mengi ya sasa hupakwa metali iitwayo rodiamu juu ya fedha halisi ili yasifanye hivyo.

Asidi huja mwisho, na si kwa kila kitu. Ile nyekundu ya kupimia fedha ni asidi ya nitriki yenye dikromati ya potasiamu; unasugua kitu kwenye jiwe jeusi, unadondosha tone juu ya alama, na fedha nzuri hugeuka nyekundu ya damu. Inaunguza ngozi, na dikromati ni sumu ya kansa, kwa hiyo glovu, miwani na dirisha wazi. Kamwe usidondoshe kwenye uso wa sarafu. Unaweza kuwa na jibu sahihi kuhusu metali na ukawa umeiharibu sarafu yenye bei mara nyingi ya metali hiyo.

Hapo ndipo thamani inapogawanyika. Thamani ya metali ni hesabu ya kawaida: uzito kwa gramu, zidisha kwa usafi, gawanya kwa 31.1035, ambayo ni wakia ya masonara inayoitwa troy, kisha zidisha kwa bei ya siku ya wakia. Dola ya Morgan, sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani, ni gramu 26.73, usafi 900, hivyo ina wakia 0.7734. Robo dola nne za zamani, ambazo pia ni dola moja, zina wakia 0.7234 tu. Thamani ya mkusanyaji haifuati hesabu hiyo. Dola ya Morgan ya 1893 yenye herufi ndogo S, ya San Francisco, ilitengenezwa 100,000 tu, na bei yake haina uhusiano na fedha iliyomo. Walaghai wanalijua hilo; huchukua ya 1893 isiyo na herufi wakaibandika S. Wala idadi iliyotengenezwa haikuambii zimebaki ngapi, kwani sheria ya Marekani iitwayo Pittman ya 1918 ilipeleka dola zaidi ya milioni 270 za fedha kwenye tanuru, bila mtu kuandika zilikuwa za miaka gani.

Kwa sababu hiyo sarafu isioshwe. Si kwa dawa ya meno, si kwa limau, si kwa kitambaa cha kung'arishia. Dawa ya meno ina mchanga laini ndani yake, na mikwaruzo yake chini ya lenzi haifichiki. Weusi uliokaa vizuri ni ngozi ya sarafu na wakusanyaji huulipia. Vijiko ni habari nyingine. Ukivipika kwenye maji ya moto yenye magadi juu ya karatasi ya alumini, salfa huhamia kwenye alumini na fedha hubaki, wala hakuna atakayekulaumu.

Ukiamua kuuza kwa uzito, tenganisha kwanza. Rundo lenye 925 na 800 pamoja litalipwa kama 800. Visu vyenye mpini mzito uliochapwa STERLING vina gamba jembamba la fedha, ndani lami au saruji, na ubapa wa chuma. Vinara vilivyoandikwa "weighted" ni hivyo pia, kwa hiyo usivihesabu kwenye jumla. Mnunuzi atakulipa chini ya bei ya soko, na hiyo ni haki yake kwani usafishaji una gharama. Kisicho haki ni vipimo kuchanganywa. Wakia ya kawaida ni gramu 28.35, ya troy ni 31.1, na wapo wanaopima kwa penywaiti, yenye gramu 1.555, halafu wakakulipa bei ya gramu moja. Mtake ataje kipimo na bei ya kila kipimo kabla hujaweka kitu juu ya mizani, na usimame mahali unapoweza kuisoma wewe mwenyewe.